Honi Ambayo Sikuijaribu

Msikitini kwetu kuna kiti kimoja cha plastiki, cha kijani, kinachokaa mwisho wa safu ya pili. Hakuna anayekikalia ila mwanangu. Ana miaka thelathini na minne na bado ana mabega ya mtu aliyezoea kupakia magunia ya viazi, lakini goti lake la kushoto halikunjiki. Mtu ambaye goti lake halikunjiki hawezi kusujudu, wala hawezi kukaa tahiyatu. Wazee wanaonizidi umri wanashuka taratibu, mkono mmoja ukitafuta mkeka, mpaka paji la uso linagusa chini. Yeye anabaki juu. Anainama kidogo tu, na kiti kinalia. Mimi huwa safu ya kwanza, mbele yake. Mara tano kwa siku nakisikia.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba yu hai. Nimetanguliza shukrani kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu huko mbele ya maelezo haya shukrani zitakuwa chache.

Nilikuwa bwana shamba. Kazi hiyo ilinihamisha mara kadhaa kati ya Handeni na Korogwe, na kila nilikopelekwa nilikwenda kwa pikipiki. Nimeendesha kwenye nyika za Handeni, vumbi likiingia mpaka kwenye meno, kwenda kuwaonyesha wafugaji namna ya kuhifadhi nyasi za kiangazi. Nimepanda milima ya Bungu wakati wa masika, udongo ukiteleza kama sabuni, mbegu za maharage zimefungwa nyuma yangu kwa mpira. Nimeshuka Lutindi kwenye ukungu, nikijua niko karibu na misheni kwa kusikia kengele tu, maana mbele yangu sikuona kitu. Katika miaka yote hiyo nilianguka mara tatu, na zote tatu zilikuwa mwaka wa kwanza.

Aliyenifundisha kuendesha alikuwa kaka mmoja wa Old Korogwe, dereva wa basi, aliyenizidi miaka tisa. Namwita kaka mpaka leo ingawa hatukuzaliwa nyumba moja. Siku zake za mapumziko alinipeleka kwenye njia ya kuelekea mtoni, akanipandisha kwenye pikipiki ya serikali, na yeye akawa anakimbia pembeni amekunja suruali. Alikuwa na masomo mawili tu, akayarudia mpaka nikachoka kuyasikia.

La kwanza alilisema hivi: "Ukisikia honi nyuma yako, usigeuke kutazama ni nani. Toka kushoto kwanza. Ukishatoka ndipo utamjua."

Na la pili: "Wewe nawe ukimpita mtu, piga honi. Kumpita mtu kimya kimya ni kuingia kwake bila hodi."

Ndivyo tunavyoishi barabarani huku kwetu. Basi likikujia nyuma likapiga honi, unashuka kwenye lami upande wa kushoto, unainua mkono, na dereva anakujibu kwa honi nyingine fupi ya kushukuru. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Mtu asiyepisha anaonekana hakulelewa, na dereva asiyepiga honi anaonekana vilevile. Mwanangu alipoanza kazi ya bodaboda nilimpa masomo yaleyale mawili, kwa maneno yaleyale niliyopewa. Akayashika. Alikuwa akiteremsha abiria na mizigo kutoka Bungu, na mama mmoja wa huko aliwahi kuniambia, "Mzee, mwanao anaendesha kama amebeba mayai." Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa fahari.

Sasa nieleze kiwanja.

Nje ya mji wa Korogwe, upande wa tambarare, kuna shamba la mkonge ambalo zamani lilikuwa na kiwanja chake kidogo cha ndege. Ndege haijatua pale tangu nikiwa kijana. Imebaki njia ndefu ya changarawe iliyoshindiliwa, ngumu kama sakafu, na sambamba nayo barabara ya matrekta inayopita katikati ya mistari ya mkonge. Ukiviunganisha viwili hivyo kwa kona mbili, unapata mzunguko mzima. Waliouunganisha walikuwa vijana wa mjini wenye magari madogo waliyoyatengeneza kwa ajili ya mbio, wakishirikiana na chama cha bodaboda. Kabla ya hapo walikuwa wakishindana kwenye barabara kuu ya kuelekea Segera, katikati ya mabasi na malori. Wawili kati yao nilishiriki kuwaosha kabla ya kuzikwa. Kwa hiyo mwenyekiti wa bodaboda alipokuja nyumbani, hakuhitaji kunibembeleza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, kiwanja tumepata. Mwenye shamba ametupa Jumapili mchana tu, kwa hiyo magari na pikipiki tutakuwa humo pamoja, hakuna nafasi ya kugawana zamu. Tunaogopa tutauana. Wewe umeendesha miaka yote hiyo na viungo vyako vyote viko mahali pake. Njoo utuwekee utaratibu."

Msikitini, ambako nafundisha madrasa, mmoja wetu alinung'unika. "Ustadhi na mbio za magari, wapi na wapi?"

Nikamjibu, "Nikiwatoa barabara kuu nimewatoa kwenye jeneza."

Nililipenda jibu lile. Nililirudia kwa watu wawili watatu. Leo nikilikumbuka natamani ningekuwa bubu siku hiyo.

Niliwaambia vijana hivi: pikipiki na gari zikiwa kwenye mzunguko mmoja, mwendo si hatari kubwa kama mnavyodhani. Hatari ni mmoja kutojua mwenzake atakuwa wapi baada ya sekunde mbili. Pikipiki inatoka kwenye kona kama mshale, gari linaikuta kwenye njia iliyonyooka. Gari linaweza kuchelewa kushika breki na bado likasimama, pikipiki haiwezi. Na dereva aliye nyuma ya vumbi anaona kofia ngumu tu ikielea, pikipiki haioni. Basi aliye mbele ashike mstari wake, asigeuke nyuma, asiyumbe. Mzigo wote wa kupita uwe wa anayepita. Anayetaka kutoka ainue mkono mapema kabla ya kona. Anayeanguka aiache pikipiki pale pale, akimbilie kwenye nyasi.

Kila Jumapili, kabla hawajaingia, niliuzunguka mzunguko wote kwa miguu nikitafuta mafuta. Magari haya ya mbio yanavuja, na tone ambalo dereva halihisi kabisa linatosha kumlaza mwenye pikipiki. Nilikuwa na ndoo ya majivu ya jikoni kwetu, nikiona doa nalifunika, nalisugua kwa kiatu. Mke wangu alikuwa akinicheka akinijazia ndoo. "Leo jiko langu nalo limepata kazi serikalini."

Utaratibu mmoja niliubuni mwenyewe, na kwa akili yangu ulikuwa mzuri. Upande wa kulia wa kiwanja una nyasi na udongo laini. Pikipiki ikitoka njiani pale, mtu anaangukia mahali pa huruma. Gari likitoka pale, magurudumu yanazama na linaweza kupinduka. Nikaamua pikipiki zishike kulia, magari yapite kushoto. Kinyume cha barabara.

Katika kundi la bodaboda alikuwemo mfugaji mmoja wa kutoka nyika za Handeni, Mmasai, mwenye pikipiki aliyoifunga shuka jekundu kwenye kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Mzee, wewe umegeuza barabara."

"Hii si barabara, ni kiwanja."

"Haya. Kichwa inajua ni kiwanja. Mkono haijui."

Wenzake wakamcheka, wakamwambia ng'ombe wamemla akili. Lakini yeye ndiye aliyeushika utaratibu wangu kabla ya wote. Nilipomuuliza anawezaje kutulia hivyo gari linapomkaribia, alishangaa swali. "Kwetu gari inazunguka ng'ombe. Umeona wapi ng'ombe inazunguka gari?"

Jumapili ya kwanza nilielewa alichomaanisha kuhusu mkono. Pikipiki tano zilikuwa mbele, zote upande wa kulia kama nilivyoagiza. Nyuma yao gari moja likaja kupita kushoto, na dereva, kijana mwenye heshima zake, akapiga honi. Pikipiki nne zikaruka kushoto kwa pamoja kama mbuzi waliomwona fisi. Mmasai peke yake ndiye aliyebaki kwenye mstari. Gari lilifunga breki, likaserereka, likasimama kwa upande katikati ya vumbi. Hakuguswa mtu. Mwanangu alikuwa mmoja wa wale wanne. Alikuja kwangu akivua kofia, anacheka, jasho linamtiririka.

"Baba, ulinifundisha vizuri mno."

Mimi sikucheka. Nilikaa usiku wa siku ile nikifikiri baada ya sala, na Jumapili iliyofuata nikaja na sheria mpya: hakuna honi kiwanjani. Na kwa kuwa kidole gumba cha dereva nacho ni mkono, nacho hakijui tofauti ya barabara na kiwanja, sikutosheka na ahadi. Nilitaka waya wa honi uchomolewe. Nikafunga kamba ya mkonge kwenye nguzo mbili pale pa kuingilia, nikasimama nayo mwenyewe. Kila gari lilipofika nilimwambia dereva, "Bonyeza honi." Akibonyeza na pasisikike kitu, nainua kamba. Ikilia, anarudi nyuma kuchomoa waya.

"Mzee, unasikiliza nini?" walinitania.

"Nasikiliza kimya."

Wakanipa jina, Mzee Bonyeza. Wakiniona hata sokoni wananyoosha kidole gumba na kubonyeza hewa. Nililipokea jina hilo kwa moyo mweupe. Jumapili saba zilipita, na hakuna aliyechubuka hata kiwiko. Nilikuwa nikitoka kiwanjani nafika msikitini na vumbi kwenye ndevu, naomba nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu.

Jumapili ya nane, baada ya sala ya Alasiri tuliyoisali palepale pembeni ya mkonge, nilisikia honi nyuma yangu, mara mbili fupi. Niligeuka nikiwa tayari nimekunja uso. Alikuwa kaka. Yule yule wa Old Korogwe, aliyekimbia pembeni yangu amekunja suruali. Alikuja na gari jeupe la mpwa wake, kanzu ameikusanya juu ya magoti, kofia imenyooka kichwani, na honi ile ilikuwa ya kunisalimu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, dogo." Nina miaka sitini na saba na bado ananiita dogo. "Nimesikia umefungua chuo cha udereva, na mwalimu wako hukumwalika."

"Hapana kaka, ni hawa vijana tu walini..."

"Na kamba umefunga. Umekuwa trafiki? Unataka leseni?" Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu na kweli akaitoa leseni, akaninyooshea dirishani. Vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Leo Mzee Bonyeza amepatikana!" Nami nikacheka.

"Sikuja kushindana," kaka akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Macho yanaanza kuniaga. Nizunguke mara moja tu nione kama mikono bado ni yangu."

Nataka nieleze sawasawa yaliyokuwa moyoni mwangu wakati ule, kwa sababu watu wengi wamenisaidia kuyasahau na sitaki kuyasahau. Sikuwa na shaka kama honi yake inafanya kazi. Nilikuwa nimetoka kuisikia. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa mawili, na nilikuwa nimeyasema kwa kila dereva kwa wiki saba. Lakini kila dereva alikuwa kijana. Huyu ndiye aliyenifundisha honi ni nini. Nimwambie mbele ya vijana wanaocheka ashuke, afungue boneti, achomolewe waya, asubiri? Nilimwona akiwa na kanzu yake safi. Nilimwona alivyokuwa na furaha. Nikajiambia ni mzunguko mmoja, mtu mzima, atakwenda taratibu.

Nikasema, "Magari yanapita kushoto, kaka."

"Nimeona, dogo. Nina macho kidogo."

Nikainua kamba.

Aliendesha vizuri. Sitamsingizia. Kwenye kona ya kwanza aliingia kwa utulivu kuliko vijana wote, na alipofika kwenye njia iliyonyooka akaongeza mwendo, mkono wa kanzu ukipepea dirishani. Mbele yake, mbali, alikuwepo mwanangu peke yake, upande wa kulia, kwenye mstari wake, amenyooka. Kaka alimkaribia kutokea kushoto kama alivyoona wengine wakifanya. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimeshika ncha ya kamba, na nakumbuka nilianza kujisifu moyoni.

Kwa umbali ule sauti huchelewa. Niliona bega la mwanangu likishuka kushoto kabla honi haijanifikia. Kisha ikanifikia, mara mbili fupi, kama mtu anayepiga hodi. Mwanangu aliingia mbele ya gari akiwa na mkono wa kushoto hewani. Alikuwa akimshukuru.

Mmasai alifika kwake kabla ya wote, akalifungua shuka lake kwenye kiti na kumfunika. Nilipofika, nikiwa nimekimbia kama nisivyokimbia tena maishani, mwanangu alikuwa macho wazi. "Baba, nilitoka," akaniambia. "Nilimpisha." Alikuwa akidhani kosa ni kwamba hakupisha upesi.

Hospitalini walimpasua mara tatu. Mfupa wa goti ulikuwa umevunjika vipande ambavyo daktari alisema havihesabiki, na mwishowe wakauunga mguu uwe mmoja ulionyooka, ili angalau aweze kuukanyaga. Kaka alikuwa kwenye benchi la nje kila siku ya wiki ile ya kwanza, na kanzu ileile, akisubiri wa kumweleza.

"Nilipiga honi, dogo. Wallahi nilipiga. Mara mbili."

"Nilisikia, kaka."

"Kijana akaniingilia. Sijui kwa nini. Nilimpigia vizuri kabisa."

Sikumjibu. Vijana waliokuwepo siku ile penye kamba nao hawakumjibu. Walinitazama mimi, kisha wakatazama chini. Waliniheshimu. Polisi walikuja kiwanjani wakauliza msimamizi ni nani, nikasema ni mimi. Wakaandika kwamba mwenye pikipiki alihama upande ghafla, jambo ambalo ni kweli. Habari ya honi hawakuiuliza. Mwenye shamba akafunga njia, na kiwanja kikarudi kwa ng'ombe. Vijana wakarudi barabara kuu. Nikiwa kitandani nasikia pikipiki zao zikielekea Segera, zikilia kwa hasira kuliko zamani.

Msikitini walinipa mkono mmoja baada ya mwingine. "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Mimi naiamini kadari. Nimeifundisha kwa watoto wa madrasa kwa miaka mingi, na nitakufa nikiiamini. Lakini kila aliyeniambia neno hilo nilihisi ananipa nguo ya kufunika kamba, na mimi niliipokea, nikasema amina, nikajifunika. Yule aliyeninung'unikia mwanzoni naye alinipa mkono, hakukumbusha neno. Ningefurahi kama angekumbusha.

Mke wangu hakusema kadari. Alikuwa akimwosha mwanawe mguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nami nimekaa mlangoni nikisema tumshukuru Mungu, angeweza kufa.

"Nashukuru," akasema bila kugeuka. "Mungu namshukuru. Ila usiniambie nimshukuru na mtu mwingine yeyote aliyekuwepo pale."

Sikujua kama anamsema kaka au ananisema mimi. Tangu siku ile majivu ya jiko letu yanamwagwa kwenye migomba.

Ilipita karibu miezi saba. Asubuhi moja mwanangu alitoka nje na fimbo yake, akaliondoa turubai kwenye pikipiki. Mwenyekiti na wenzake walikuwa wameinyoosha na kuileta, imekaa pale ukutani muda wote huo. Nilikuwa kwenye kibaraza na juzuu ya Kurani mkononi. Nilimwona akizunguka upande wa kushoto, akaupitisha ule mguu mzima, akakaa kwa namna yake. Kisha akajaribu kuuweka mguu wa kushoto kwenye gia. Mguu ulinyooka mbele, ukapita gia, ukabaki hewani kama ubao. Akausukuma kwa mikono. Akajaribu kuegemea nyuma. Akajaribu kisigino. Mtu ambaye miaka kumi na mbili alikuwa akibadili gia bila kujua kama anabadili. Nilitaka kuondoka nisimwone, lakini niliona nikiondoka nitakuwa nimekimbia mara ya pili.

Aliacha. Akakaa hapo juu ya pikipiki iliyozimwa, mikono kwenye usukani.

"Baba."

"Naam."

"Siku ile. Ulimwambia abonyeze?"

Miezi saba nilikuwa nikilisubiri swali hilo. Palikuwa na jibu jepesi karibu kabisa na ulimi. Ningeweza kusema nilisahau. Mzee wa umri wangu, jua kali, watu wanacheka, nani angekataa? Mwenyewe angenihurumia. Lakini juzuu ilikuwa mkononi, na kama nisingeogopa kitu kingine chochote, niliogopa hiyo.

"Sikumwambia."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Honi yake niliisikia alipokuja. Niliona haya."

Kuku alipita chini ya pikipiki, akadonoa tairi, akaenda zake.

"Ulimwonea haya," akarudia, taratibu, kama anayejaribu neno la lugha ya wengine.

"Ndiyo, mwanangu."

"Yeye akapiga honi kwa adabu. Mimi nikampisha kwa adabu." Alicheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha siku alipokuja kwangu na kofia mkononi. "Kumbe na wewe. Tulikuwa na adabu sote, baba."

Nilishuka kibarazani, nikasimama mbele yake, nikamwomba msamaha. Sijawahi kumwomba mtoto wangu msamaha kabla ya hapo. Kwetu mzee haombi kwa maneno, analeta kitu, anasema jambo jingine, inaeleweka. Mimi nilisema kwa maneno. Alinisikiliza akitazama sahani ya spidi.

"Nitakusamehe, baba. Lakini si leo."

"Leo nakwenda kwa kaka," nikamwambia. "Nitamweleza. Anajilaumu kwa jambo ambalo halijui, halafu anajitetea kwa jambo ambalo pia halijui. Hastahili."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Usimwambie. Yule mzee haoni tena, kilichobaki kwake ni kwamba alipiga honi. Ukimwambia honi ndiyo iliyonivunja atakufa nayo. Mwache."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Msikilize," mwanangu akasema. Akaanza kazi ndefu ya kushuka kwenye pikipiki. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akaushika, kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Mwaka wa pili huu unaelekea kwisha. Ananiamkia shikamoo kila asubuhi, hajawahi kuacha hata siku moja. Sijamuuliza kama ile siku imefika.

Ijumaa, sala ikiisha, kaka hukaa karibu nami. Mpwa wake humshika mkono mpaka mkekani, kisha anatoka kumsubiri nje. Macho yamekwisha sasa, anatambua watu kwa sauti. Daima huwa na mtu mgeni, msafiri aliyepita kusali, au kijana wa Handeni aliyehamia karibuni, na habari huanza vilevile: alivyoendesha basi miaka thelathini bila kugusa mtu, na siku moja tu, kwenye kiwanja cha mkonge.

"Nilipiga honi," husema. "Mara mbili. Muulizeni huyu dogo, alikuwepo."

Wanageuka kunitazama. Nyuma yetu, mwisho wa safu ya pili, mwanangu anakirudisha kiti ukutani, na anakirudisha kwa mikono miwili, polepole, ili kisipige kelele.

"Ni kweli," nasema. "Kaka alipiga."